Kanda tatu, slaidi kumi na moja, nauli sifuri

Kwa hiyo sasa tuna kanda. Slaidi kumi na moja za muundo mpya wa chama chetu cha vijana zimedondoshwa kwenye grupu la viongozi wa kujitolea wa mkoa, Ijumaa usiku, na maoni yanatakiwa kabla ya Jumapili. (Chama sikitaji. Wenyewe mnajijua, na walio kwenye vyama vingine vya vijana mna slaidi zenu kama hizi.) Kamati za wilaya zinafutwa. Mwanza inakatwa vipande vitatu: Nyamagana, Ilemela na Ukerewe; Magu, Kwimba na Misungwi; Sengerema na Buchosa. Kila kipande mratibu mmoja wa kujitolea, wa "kutoa msaada wa karibu" kwa makundi ya vijana yanayokutana shuleni. Mishale ni ya kijani, mizuri kabisa. Neno nauli halimo hata mara moja.

Haya, niseme na jema lake nisije nikaitwa mpinzani. Kamati za wilaya zilikufa zamani, kilichobaki ni matanga. Kibali cha kambi kilizunguka kwa saini tatu, na saini ya katikati ilikuwa ya mtu asiyejua hata kundi linakutania darasa gani. Kuiondoa ni sawa. Nimemaliza kusifu.

Aliyekata hivi vipande alikuwa na ramani, hakuwa na tiketi. Kwenye ramani Ukerewe iko hapo juu ya Ilemela, unaigusa kwa kidole. Kwenye maisha kuna maji. Mratibu anayeishi Buzuruga akitaka kukaa na kundi la Nansio, makao makuu ya Ukerewe, kwa saa mbili, siku nzima imekwenda, na mara nyingi alale huko huko. Akitaka kisiwa cha Ukara, afike Nansio, aende Bugolora, apande chombo kingine. Wilaya hiyo ina visiwa 38, nayo imepachikwa kama kiambatisho cha jiji.

Ukerewe inahitaji mratibu wake, mlezi hasa wa makundi, anayelala Ukerewe, mwenye mamlaka ya kuahirisha safari ya vijana asubuhi hiyo hiyo bila kupiga simu Mwanza. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Mzazi wa Ukara hahitaji fomu ya kurasa nne kutoka kwa mratibu asiyemjua. Anataka mtu anayeliona ziwa leo limeamkaje, aliyehesabu maboya mwenyewe, na ambaye watu wakizidi atasema tunashuka.

Upande wa pili wa mkoa kosa ni hilo hilo, limegeuzwa tu. Misungwi na Sengerema zimetenganishwa kwa sababu katikati pana rangi ya buluu. Jamani, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025! Kigongo iko Misungwi, Busisi iko Sengerema, na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Walezi wagawiwe kwa njia za magari, siyo kwa mipaka ya wilaya. Hiyo ni njia moja: Nyegezi, Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema mjini, mpaka Nyehunge kule Buchosa. Nyingine inatoka hapo hapo Nyegezi, inapita Misungwi mjini, inakata kona Hungumalwa kwenda Ngudu, Kwimba. Ya tatu inaanzia Nyamhongolo kwenda Magu. Kisesa kiutawala ni Magu, lakini watu wake wanakwenda jijini kwa daladala kila siku, basi makundi ya Kisesa yahudumiwe na mlezi wa Ilemela. Misungwi itakatika vipande viwili pale Usagara, na iachwe ikatike. Hatugombei ubunge hapa. Tunatafuta mtu anayeweza kulifikia kundi na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Sasa hesabu, maana slaidi hazina hata moja. Mlezi mmoja, makundi matano, basi. Kila kundi litembelewe mara mbili kwa muhula: ziara 10. Muhula una Jumamosi kama 20. Toa mitihani, misiba, harusi na mvua, zinabaki 12 au 13. Ziara 10 zinaingia hapo kwa kubana. Mpe huyo huyo makundi 18, ziara 36, atafanya kile wote hufanya: ataomba ripoti kwa WhatsApp, kundi litatuma picha ya mwaka juzi, naye ataijibu kwa dole gumba.

Na ziara si ukaguzi. Fika kabla ya kikao, kaa nyuma, usishike chaki. Hesabu waliopo, linganisha na daftari. Fungua boksi la huduma ya kwanza uangalie tarehe za dawa na kama bandeji bado zipo. Gusa mahema: yakikunjwa mabichi baada ya kambi, yanaota ukungu na mshono unaachia, na huwezi kuyajua kwa kusoma orodha ya mali. Pita kwa mwalimu mkuu, dakika kumi zinatosha. Kisha mkubaliane jambo moja tu la kurekebisha, liandikwe kwenye kaunta buku la kundi, nakala ya picha ibaki kwenye simu yako. Ukiacha mambo tisa, hakuna litakalofanyika.

Nauli itumwe Alhamisi, pamoja na ya kutolea. Siyo "utarejeshewa". Mtu wa kujitolea anayedai nauli ya ziara mbili hatakwenda ya tatu, na wala hatasema kwa nini, atakuwa tu na msiba. Tena mhasibu aache kudai risiti ya bodaboda. Haipo, na iliyopo imeandikwa kwenye duka la steshenari. Wekeni kiwango cha juu kwa kila njia, vocha isainiwe na dereva na namba yake ya simu, yaishe.

Uhamisho wa walimu, slaidi ya nane, mstari mmoja: "kuimarisha mwendelezo". Makundi yetu mengi yanashikwa na mwalimu mmoja. Akihamishwa anaondoka na ufunguo wa kabati, nenosiri la barua pepe, na namba za wazazi zilizo kwenye simu yake. Kila kundi liwe na viongozi wawili, mmoja asiwe mwalimu: fundi cherehani, muuguzi, mzazi yeyote anayeaminika. Makabidhiano yafanyike mlezi akiwapo, kitu kwa kitu, funguo zikiwa mezani.

Kuhusu fulana za uzinduzi sina maoni. Bei yake naijua.

Ombi langu kwa kamati ni dogo. Kikao cha kupitisha muundo kisifanyike jijini, kiitwe Nansio, kila mjumbe ajilipie kwanza halafu asubiri kurejeshewa. Meli ikichelewa, kipengele cha Ukerewe kijadiliwe hapo hapo gatini.