Kisarawe ilitangulia Azania Front
Makala ninayoijibu hapa, kuhusu historia ya Ulutheri, inadai kwamba dhehebu hilo lilifika Kisarawe, nje ya jiji, baada ya kujengwa kwa kanisa la Azania Front hapa Dar es Salaam, ilhali mpangilio wa matukio ni kinyume chake. Wamisionari wa Kijerumani walifika mjini mwaka 1887, na Johann Jakob Greiner akafungua kituo cha misheni cha Kisarawe mwaka 1892, kikafuatiwa na cha Maneromango mwaka 1895. Azania Front, hilo la vigae vyekundu ambalo kila mgeni wa Kivukoni hulipiga picha, lilikamilika mwaka 1902. Kisarawe ilipokea pia watumwa waliokombolewa, jambo ambalo mwandishi amelipita kimya, nami naliona ndilo kiini cha historia hiyo. Je, yupo msomaji ambaye wazee wake wa Uzaramo (nchi ya Wazaramo) walibatizwa katika vituo hivyo?