Daftari la bibi halina jalada

Juzi nimerudi Mji wa Kale na boksi lile lile nililotoka nalo asubuhi, jasho lanitiririka, hasira zimenipanda. Ndani mna madaftari saba ya marehemu bibi: tenzi, dua, dawa za tumbo, hata hesabu za mahari za watu, yote kwa herufi za Kiarabu. Maktaba moja hapa mjini ina chumba cha vitabu vya hazina, nikasema amana na ikae penye amana. Kijana akachukua daftari moja kwa ncha za vidole, kama ashikaye samaki aliyeoza. "Dadangu, haya hayana jalada, hayana mchapishaji. Tutayaorodhesha vipi?"

Alikuwa amelishika juu chini.

Nyuma yake, kwenye kabati la kioo lenye kufuli, vimejipanga vitabu vya safari za Wazungu: majalada ya ngozi nyekundu, majina ya dhahabu. Mashallah. Vitabu ambavyo nakala zake zimejaa Uingereza, na kwenye intaneti wavisoma bure umelala kitandani.

Sasa adimu ni kipi? Kile cha dhahabu kikiungua leo, kesho kitapatikana kwengine. Daftari la bibi likiungua, basi. Pembezoni kaandika ubeti upi alifunzwa na nani, na palipo neno la Kiamu, lahaja ya Lamu, kalifafanua kwa Kimvita chetu cha Mombasa. Hayo utayapata kwa mchapishaji gani?

Muyaka wetu, mshairi wa Mombasa, alifariki 1840. Beti zake twazisoma kwa kuwa Mwalimu Sikujua na Taylor, yule mmishonari, walizikusanya na kuziandika. Diwani ikachapishwa 1940, miaka 100 baadaye, na karatasi za Taylor ziko chuo cha SOAS, London. Zingebaki hapa, angekuja mtu kuuliza jalada liko wapi.

Haya, mchwa. Hapo kijana kasema kweli, na imeniuma: madaftari mawili yameliwa, na ukiyaingiza vivyo hivyo yataambukiza rafu nzima. Nafasi nayo haba, nakubali. Lakini hakutaja mchwa mpaka nilipoanza kupaza sauti. Na chumba kizima hakina mtu wa kusoma herufi zile, wamekataa wasichokijua.

Boksi limerudi juu ya kabati. Kila baada ya isha mama anisomea ukurasa mmoja, nami naupiga picha kwa simu. Tumefika daftari la pili, kwenye dawa ya tumbo, na mama ashaanza kubishana na bibi kuhusu kiasi cha habasoda.