Laptopu isiyoamka: kuzima usingizi si kutibu

Mafundi wengi hapa Mombasa wana dawa moja kwa laptopu ya Linux inayokwama ikiamshwa: zima hali ya usingizi, mteja aende zake. Nawaelewa. Mteja amesimama kaunta, stima imeshapotea mara mbili tangu asubuhi. Na seva ya ofisini haina sababu ya kulala. Hapo sina ubishi.

Wakala wa forodha anayeshinda akikimbia kati ya bandari na ofisi ni mwingine. Mmoja aliniletea yake juzi. Akafungua kifuniko, skrini ikawaka, kishale kikatembea. Alipobonyeza faili, kimya. Terminali, yaani dirisha la amri, niliyokuwa nimeiacha wazi ikaonyesha onyo la kerneli, kiini cha mfumo wa Linux: kuna kazi imekwama zaidi ya sekunde 120. Kwenye orodha ya kazi, herufi D zilikuwa zimejipanga, yaani zote zinangoja diski, na hata kill -9, amri ya kuua kazi kwa nguvu, haikuziondoa.

Hizo sekunde 120 huwapotosha watu. Wanadhani ni muda ambao mfumo huvumilia kisha hujikwamua. Sivyo, ni onyo tu. Mkwamo wenyewe hauna mwisho. Ndiyo maana wengine huuliza kwa nini kerneli isiyatupe tu maombi ya kusoma na kuandika diski yanapochelewa. Ombi la kuandika likitupwa, hati ya mzigo wa mteja imekwenda nalo. Kungoja kunaudhi, lakini ndiko kunakolinda data.

Diski ile ilikuwa nzima. Tatizo ni kama la kivuko cha Likoni, siku feri imezimika, geti limefungwa mpaka iwake, na fundi mwenye kipuri amekwama nyuma ya geti. Diski iliyolala huhitaji amri ya kuiamsha, na amri hiyo nayo ni ombi, inahitaji nafasi kwenye foleni. Nafasi zina kikomo. Zikishakaliwa na maombi ya kawaida yanayongoja diski iamke, yule wa kuwaokoa hana pa kukaa. Kuongeza nafasi hakusaidii: diski ikiwa na kazi nyingi, zitajaa nazo.

Marekebisho ya waandishi wa kerneli Bart Van Assche na Ming Lei, yaliyoingia kerneli 4.15 ya Januari 2018, yaligusa mzizi. Kabla ya kulala, maombi yaliyomo ndani huachwa yamalizike. Mapya ya kawaida husimamishwa mlangoni, kabla hayajachukua nafasi. Yanayopita ni yale ya kuwasha na kuzima tu, yenye alama yake. Hakuna kinachotupwa, mfumo ukiamka, waliongoja huendelea.

Wanaoyapinga marekebisho haya wana hoja, nami siidharau: kila mlango mpya ni mahali pengine pa kusubiriana. Mwaka 2013 ilionekana kwamba diski ikiondolewa mashine ikiwa imelala, kuifuta kwenye orodha ya vifaa vya mfumo kunamngoja mfanyakazi wa ndani ya kerneli (kazi ndogo ya nyuma ya pazia) aliyegandishwa, naye hawezi kuyeyuka mpaka kuamka kukamilike, na kuamka kunangoja diski ifutwe orodhani. Tejun Heo, naye mwandishi wa kerneli, aliweka kiraka kinachongoja milisekunde 10, tena 10, mpaka mgando uishe, na hakuficha kwamba ni kiraka. Kisha kerneli 6.13 ya Januari 2025 ikaanza kufuatilia ugandishaji wa foleni (kule kuisimamisha) pamoja na kufuli nyingine zinazofanya kazi zingojane, na makosa ya mpangilio wa kungojana yakaanza kuibuka. Wakasema: mnaona, dawa imeleta maradhi.

Maradhi yalikuwepo. Tofauti ni kwamba sasa anayeyaona kwanza ni mwandishi wa kerneli mezani kwake, si wakala wa forodha huku meli ikingoja karatasi zake.

Laptopu ile ilikuwa na kerneli 4.9. Niliiwekea mpya, nikaanza kunakili faili kubwa, nikawa nafunga kifuniko na kufungua katikati ya kazi. Mara ishirini, na zote ishirini iliamka na kunakili kukaendelea. Usingizi nikauacha umewashwa.