Dakika kumi za Leeds na mtandio wangu wa Mtwara

Ijumaa iliyopita mwenzangu wa meza ya pili alimwandikia bosi barua pepe kuomba ruhusa ya dakika kumi. Si siku, dakika. Bosi alishatangaza mapema kwamba kwa kuwa Jumatatu ya mwisho ya Agosti huku Uingereza ni sikukuu, aliyemaliza kazi zake Ijumaa aondoke saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja. Sasa treni ya huyu bwana inaondoka saa tisa na robo, naye anaogopa kuikosa, kwa hiyo anaomba atoke saa tisa kasoro dakika kumi. Na ameahidi atazilipa Jumanne! Nilicheka hadi wakaniuliza kama niko sawa.

Ningewaeleza nini? Kwamba natoka mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuondoka mapema? Maana kwetu haondoki mtu. "Yupo, katoka mara moja." Koti lipo kitini, miwani ipo juu ya faili, mwenyewe yuko stendi.

Najua mnachotaka kusema. Kafika Ulaya juzi, leo anatufundisha kazi. Ngojeni kwanza. Mimi ndiye nilikuwa bingwa wa mchezo huo. Katika ofisi moja hapo Mtwara mjini, siitaji, nilikuwa na mtandio wa zambarau ambao haukuwahi kuvaliwa. Kazi yake ilikuwa kukaa kitini. Mtandio ule umefanya kazi saa nyingi kuliko mimi, na haukuwahi kupandishwa daraja.

Mwaka mmoja, siku moja kabla ya Nane Nane, ofisi nzima ilikuwa imeshahamia viwanja vya Ngongo, Lindi. Wachache walikwenda kusimamia banda, wengi tulikwenda kuwasindikiza wanaosimamia banda. Siku hiyohiyo mzee mmoja akateremka kutoka Newala kufuata muhuri. Muhuri tu. Akaambiwa nipo, nimetoka mara moja. Akakaa mbele ya mtandio tangu saa nne asubuhi. Mlinzi ndiye aliyenisimulia baadaye: jioni mzee alinyanyuka, akauliza, "Mwenye nguo hii yu hai?" Akarudi Newala. Nauli ya kwenda na kurudi, na hakurudishiwa hata shilingi.

Kuna atakayesema sikukuu za Wazungu zina tarehe, zetu zinangoja mwezi. Hapo nakubali. Siku ya 29 ya Ramadhani bosi gani atatangaza "kesho Idd, tokeni mapema" na mwezi haujaandama? Lakini sisi hatukuwa tunamngoja bosi wala mwezi. Adhuhuri ikipigwa, ofisi nyeupe. Hata wenzetu wa kanisani wametoka, sijui na wao walikuwa wanautafuta mwezi. Usipoonekana, kesho yake ndiyo unawaona watu wanarejea mmojammoja, wengine hawarejei kabisa.

Na msidhani huku ni peponi. Saa zile mbili si haki ya mtu, ni hisani ya bosi. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mwajiri kukupumzisha kwa malipo hata siku ya sikukuu yenyewe, anaweza kuihesabu humohumo kwenye siku zako 28 za likizo ya mwaka. (Na sisi nyumbani tuna 28, ila zinakwenda mfululizo, Jumapili ndani.) Mama anayefagia ofisi yetu aliingia saa kumi na moja jioni kama kawaida. Yeye hakuna aliyemtumia barua pepe.

Tena hisani yao ina mizani. Mama mdogo alipofariki Mingoyo, niliulizwa kama ni mama yangu mzazi. Nikasema ni mama yangu. Wakauliza tena. Nilipewa siku moja. Ingekuwa Mtwara, ofisi ingefungwa, gari lingejaa, na bosi mwenyewe angekaa kwenye mkeka na wafiwa. Hapo hawatufikii, na sitaki mtu anibishie.

Lakini mzee wa Newala hakufiwa, wala sisi siku ile hatukuwa msibani. Kubandika karatasi mlangoni, "Leo tunafunga saa sita", kunagharimu nini? Angeiona, angegeuza na basi la mchana. Hilo tu. Sijasema tuwe Wazungu, sijasema tulipane dakika kumi Jumanne.

Siku ile ya dakika kumi, saa saba ya huku, nilimpigia mdogo wangu aliyerithi meza yangu. Nyumbani ilikuwa saa tisa, bado nusu saa kufunga.

"Uko wapi?"

"Nipo ofisini, dada."

Nyuma yake konda anapiga kelele: Mikindani, Mikindani, bado mmoja!

Nikamuuliza kitini ameacha nini. Akacheka sana.

"Mtandio wako."