Watu wa Mwanza, msigeuzie Seronera

Likizo ya Juni ikikaribia, vikundi vya kazini na vya mtaani hapa Mwanza huanza kuchangishana hela za Serengeti, na mpango huwa uleule: kulala Seronera, katikati ya hifadhi, usiku mmoja, kuwaona simba, kugeuza. Ushauri wangu ni kwamba mchango ukusanywe kwa muda mrefu zaidi, hata mwaka mzima, ili gari liendelee kusini-mashariki mpaka kwenye nchi kame. Tanzania haina jangwa lenyewe, lakini nusu jangwa tunalo, tena zuri ajabu.

Bahati yetu ni lango la Ndabaka. Liko kwenye barabara kuu ya Musoma, mbele kidogo ya Lamadi, kwa hiyo ukitoka Mwanza alfajiri unaingia hifadhini asubuhi bila kuzungukia Arusha. Kutoka hapo unashuhudia mvua ikipungua kwa macho yako. Huku ziwani tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Ukipita lango la Naabi, kusini-mashariki mwa hifadhi, ni nusu ya hapo hivi, maana milima ya Ngorongoro inakinga mvua za mashariki. Miti inapungua, kisha inakwisha. Chini ya nyasi zile fupi kuna tabaka gumu lililotokana na majivu ya volkano, na mizizi ya miti haipenyi.

Nendeni kiangazi, kati ya Julai na Septemba. Upande wa Ndabaka una udongo mweusi wa mbuga, uleule wa mashamba ya Magu, na anayeujua hahitaji kuelezwa unavyolifanya gari mvua ikinyesha. Nyumbu wengi watakuwa wameshahamia kaskazini. Sioni hasara hapo, kwa sababu uwanda ukiwa mtupu ndipo unapoiona ardhi yenyewe.

Karibu na bonde la Oldupai, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, kuna mchanga unaohama. Ni kilima cheusi cha mchanga chenye umbo la mwezi mwandamo, kimo chake kama mita 9, na upepo hukisogeza mita kadhaa kila mwaka. Vigingi vimesimikwa kuonyesha kilikokuwa zamani. Mchanga wenyewe ni majivu ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, yenye chuma ndani yake. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, uisogeze karibu na chembe hizo uone zinavyosimama na kuing'ang'ania. Watoto wasikose hapo. Ila msikikanyage kileleni wala kuondoka na mchanga wake.

Kutoka Ngorongoro mnashukia Mto wa Mbu, kisha Engaresero kwenye Ziwa Natron. Mtu aliyezaliwa kando ya Victoria akiliona Natron ataelewa ziwa linaweza kuwa nini: kina chake hakifiki mita 3, maji ni magadi yanayounguza ngozi, na bado heroe wadogo wa Afrika Mashariki huja kuzaliana hapo, kwa kuwa maadui wao wanashindwa kuvuka.

Bajeti ndiyo inayoponza wengi. Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake, na ada zake ni tofauti; ombeni namba za malipo zote mbili kabla ya kuondoka, na wekeni akilini kwamba kuendesha usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi. Kwa maji msibahatishe. Pakieni madumu ya kutosha, tairi mbili za akiba, jeki nzima na mafuta ya ziada, maana baada ya Mto wa Mbu msaada uko mbali.

Wanaotaka kupanda Lengai wachague tarehe yenye mbalamwezi. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane kwa sababu mlima hauna kivuli hata kimoja, na kiongozi wa njia atafutwe palepale Engaresero, kwa wenyeji.