Marejesho hayasubiri mvua

Dodoma na Singida zina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ikichelewa, au ikikatika Februari mazao yakiwa bado machanga, hakuna vuli ya kufidia. Maofisa ugani wanawahimiza wakulima wapande mbegu zinazokomaa mapema, kama mtama wa Macia, wachimbe makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yasitiririke, na wahifadhi nafaka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ushauri ni mzuri, lakini yote hayo yanataka fedha, na mwenye jembe mkononi mara nyingi ni mama asiye na mshahara wala hati ya shamba. Hapo ndipo mikopo midogo inapotajwa kuwa jibu.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Vikundi vya hisa, ambamo wanachama huweka akiba na kukopeshana, vya mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 vimeota mizizi vijijini kwetu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu mbele ya wote. Mwanachama hukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na riba anayolipa inarudi kwao wenyewe siku ya kugawana. Mtoto akiugua, kuna mfuko wa jamii. Mama ambaye angeuza mbuzi ili apate mbegu, sasa anapanda kwa wakati na mbuzi wake anabaki zizini. Hayo ni mafanikio ya kweli, na wameyapata kwa akiba yao wenyewe.

Ila ugonjwa humpata mmoja, wenzake wakambeba. Ukame huwapata wote kwa mpigo. Msimu ukiharibika, kila mwanachama anataka kukopa na hakuna wa kurejesha, na aliyemdhamini mwenzake naye ghala lake ni tupu. Kwa hiyo sanduku hulegea wakati uleule linapohitajika zaidi.

Kwa mkopeshaji wa nje hali ni ngumu zaidi. Mkopo wa Novemba wenye marejesho ya kila wiki unaanza kudaiwa kabla mbegu haijaota, ilhali mavuno ni Mei au Juni. Mama analipa kwa kuuza kuku, kufanya kibarua kwenye mashamba ya watu huku lake likisongwa na magugu, au kukopa kwingine. Wengi huangukia kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ambako anayechelewa kulipa hubebewa hata sufuria na godoro. Kwa maoni yangu, mkopo wa namna hiyo haumsaidii kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Unamtwisha yeye peke yake hasara ya mvua.

Bima ingeweza kuziba pengo hilo. Kenya ilianza Kilimo Salama mwaka 2009: kituo cha hali ya hewa kikionyesha mvua imepungua chini ya kiwango, fidia inalipwa bila mtu kwenda kukagua shamba. Ni rahisi kuendesha, lakini mvua ikinyesha kituoni na kuruka kijiji chako, hupati kitu, na aliyewahi kuumia hivyo ni vigumu kumshawishi alipie tena.

Kisha kuna ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa, lakini mila katika sehemu nyingi bado inalihesabu shamba kuwa la mume au la ukoo. Makinga maji huzaa matunda baada ya misimu kadhaa. Nani akope achimbe kwenye shamba analoweza kunyang'anywa akifiwa na mumewe?

Sioni sababu ya kuachana na mikopo. Naona sababu ya kubadili masharti yake, na pa kuanzia papo: asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Halmashauri za kanda ya kati zikipanga rejesho la kwanza baada ya mavuno, na zikaweka kwenye mkataba kwamba msimu ukiharibika deni linasogezwa hadi msimu unaofuata, mama atakopa kwa ajili ya shamba bila kuogopa kupoteza mbuzi.