Madini joto yamfikie mama lini?

Kila lishe ya mimba changa inapojadiliwa, pendekezo moja hurudi: kliniki iongeze kidonge cha madini joto juu ya vile vya madini chuma na foliki asidi. Lina msingi. Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito apate mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwingine hutosheka na 150, kwa sababu tezi yake ya shingo hutumia madini hayo kutengeneza homoni nyingi zaidi na figo nazo humwaga madini hayo zaidi kwenye mkojo. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza waliopima mkojo wa wajawazito zaidi ya 1,000 waliripoti kuwa watoto wa waliopungukiwa walikuwa nyuma kwenye kusoma walipofika miaka 9. Mama akisikia hayo atakitaka hicho kidonge, na ana haki.

Tatizo langu ni muda. Hadi wiki ya 12 hivi tezi ya mtoto tumboni haijaanza kazi ya maana. Ubongo unakua kwa homoni za mama. Sasa zihesabu wiki hizo katika maisha tunayoyajua. Mwanamke anapitisha mwezi, anadhani ni uchovu. Anapitisha wa pili, anajua, ila ananyamaza, maana mimba changa haitangazwi. Siku anayokwenda kuandikishwa kliniki, kwa wengi miezi mitatu imeshapita. Huko Bangalore na Bangkok wajawazito walipewa mikrogramu 200 kila siku kuanzia wiki ya 10 au 11 kwa wastani, na matokeo yakatolewa 2017: watoto walipopimwa akili wakiwa na miaka 5 na 6 hawakuwapita wa mama waliopewa kidonge kitupu. Upungufu wa wanawake wale ulikuwa mdogo, kwa hiyo jaribio hilo halimalizi mjadala. Lakini linanifanya niulize tunategemea nini kwenye kidonge kinachofika kwa kuchelewa.

Chumvi haichelewi, na ndiyo maana naona inaonewa. Tezi ya mwanamke aliyekula chumvi yenye madini joto kwa miaka hubeba akiba ya miligramu 15 hadi 20. Zigawe kwa mikrogramu 250: ni mahitaji ya siku 60 hadi 80, karibu kipindi chote ambacho mtoto anamtegemea mama tu. Ni hesabu ya haraka, mwili hauendi kwa kikokotoo, lakini tazama akiba hiyo ilitoka wapi. Ilijengwa na chumvi iliyoungwa kwenye maharage na mchicha wa mwaka juzi, kabla mimba haijatungwa, bila foleni wala kadi.

Wanaotetea kidonge hutaja Tanzania yenyewe. Kabla chumvi yenye madini hayo haijaenea, mikoa yenye rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, iligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na utafiti wa wachumi Field, Robles na Torero wa 2009 ulisema watoto waliokuwa tumboni wakati wa ugawaji walisoma shule muda mrefu zaidi, hasa wasichana. Wengine waliorudia hesabu zile hawakuyapata matokeo hayo. Hoja ya watetezi wa kidonge yenye nguvu zaidi ni nyingine: chumvi yenyewe haiaminiki kila mahali. Hata Pemba, kisiwa cha wala samaki, chakula chenye madini hayo, ilikutwa na upungufu. Na mwongozo wa mwaka 2007 wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF unasema mjamzito anaweza kuachwa bila kidonge pale tu chumvi nzuri imefika kwenye zaidi ya asilimia 90 ya kaya kwa angalau miaka miwili. Penye chumvi mbovu, apewe kidonge leo, bila kusubiri.

Lakini ingia dukani uone. Kiroba cha chumvi ya mawe kimekaa wazi mlangoni, jua linakipiga, muuzaji anachota kwa kopo. Tone moja la dawa ya kupimia lingetosha: ikigeuka zambarau, madini yamo, ikibaki nyeupe, hayamo. Chumvi ile imetoka kwa mzalishaji mdogo wa pwani ambaye pengine pampu yake ya kunyunyizia madini joto imeharibika au madini yenyewe yamemwishia. Fedha ya kidonge cha kila mjamzito, mimi ningeanza kuipeleka kwake.